Ng'ombe Hazeeki Maini: Somo la Mikweche ya Kimarekani na Kipimo cha Moshi

Chukua magari mawili aina ya Plymouth Valiant. Moja ni toleo la mwaka 1975, lingine la 1976. Yote yametengenezwa na Chrysler, umbo ni lilelile, na chini ya boneti kuna injini ileile ya silinda sita. Yaegeshe pamoja kwenye mtaa wowote wa California, na mtu asiyeyajua hawezi kukwambia lipi kaka na lipi mdogo. Lakini mbele ya sheria ya jimbo hilo, magari haya ni mbingu na ardhi. La 1975 halidaiwi tena kipimo cha moshi. La 1976 litapelekwa kupimwa kila baada ya miaka miwili hadi siku litakapouzwa kama chuma chakavu, na likifeli, mwenyewe hapati kuhuisha usajili mpaka alitengeneze.

Somo la leo linaanzia kwenye pengo hilo la mwaka mmoja. Marekani kuna watu wa kipato cha kawaida, wengi wao vijana wa umri wetu, ambao burudani yao ni kununua gari kuukuu ambalo hakuna anayelitaka na kulifufua taratibu kila mwisho wa wiki. Si Mustang wala Corvette za matajiri. Ni magari ya kina baba na mama wa kawaida, yaliyosahaulika. Kinachoamua kama burudani hiyo itawezekana si bei ya gari peke yake. Kinachoamua zaidi ni sheria za moshi. Basi tuulize mambo manne: sheria zilitoka wapi, kwa nini magari fulani ni ya bei nafuu, injini inafanya nini mpaka ifeli au ifaulu, na mwisho, ni nani anayelipa gharama ya haya yote.

1. Sheria ilitoka hewani

Wapo wanaodhani sheria za moshi zilitungwa na watu wasiopenda magari. Sivyo. Zilitungwa kwa sababu watu walikuwa hawaoni mbele. Mwaka 1943 mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu mchafu uliochoma macho na koo, kiasi kwamba baadhi ya wakazi walidhani Wajapani wamewarushia sumu, maana ilikuwa wakati wa vita. Haikuwa vita. Ilichukua miaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambapo mkemia mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kinachotokea: mvuke wa petroli ambayo haikuungua, ukichanganyika na oksaidi za naitrojeni na kupigwa na jua kali, hutengeneza ozoni karibu na ardhi. Los Angeles ina jua, ina milima inayozuia hewa isitoke, na ilikuwa na magari mengi. Vitu vitatu hivyo vikikutana, ukungu haukwepeki.

Hatua zilifuata moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 magari mapya yalianza kufungwa vali inayorudisha moshi wa ndani ya injini ukaungue tena, badala ya kuachiwa nje. Mwaka 1966 California ikawa ya kwanza kuweka kikomo cha moshi wa bomba kwa magari mapya. Mwaka 1967 ikaundwa bodi ya hewa ya jimbo, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Tarehe 31 Desemba 1970 Rais Nixon akasaini sheria ya hewa safi ya nchi nzima, iliyowataka watengenezaji wapunguze sehemu kubwa kabisa ya moshi, asilimia 90, ndani ya miaka michache. Viwanda vililia kwamba haiwezekani, muda ukasogezwa mara kadhaa, lakini toleo la 1975 magari mengi mapya ya Marekani yakatoka na kile ambacho mafundi wetu wanakiita masega: kile kifaa cha kwenye ekzosi chenye vitundu kama nyumba ya nyuki, kilichopakwa platinamu na paladiamu, kinachogeuza gesi za sumu kuwa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi.

Masega yalileta jambo lingine kubwa ambalo halitajwi sana. Risasi iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli inayaua masega. Kwa hiyo ilibidi petroli isiyo na risasi ipatikane vituoni kuanzia 1974, na mwisho wake risasi ikapigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani Marekani mwaka 1996. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Kwa hiyo kifaa kilichowekwa kwa ajili ya ukungu wa Los Angeles kimechangia kuwanusuru watoto wa mbali sana na huko.

Kipimo cha lazima cha magari yaliyo barabarani kilianza California mwaka 1984. Baadaye jimbo liliweka msamaha unaotembea: gari likifikisha miaka 30 linatolewa kwenye kipimo. Kila mwaka mpya ulikuwa unaokoa toleo jingine. Halafu ikaja sheria ya 2004 iliyousimamisha msamaha huo palepale ulipokuwa umefika. Toleo la 1975 kurudi nyuma likabaki limesamehewa, na 1976 kuja mbele likabaki linadaiwa daima. Ndiyo maana ya Valiant zetu mbili.

2. Kwa nini magari haya yalisahaulika

Kuna kipindi cha magari ya Kimarekani ambacho mashabiki wenyewe wanakiita enzi ya unyonge. Kinaanzia kama 1973 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vilikuwa na shida tatu kwa mpigo: sheria ya moshi, bei ya mafuta iliyopanda baada ya mgogoro wa 1973, na bampa nzito zilizotakiwa na sheria za usalama. Wakajibu kwa haraka haraka. Wakapunguza mgandamizo wa injini, wakachelewesha cheche, wakaongeza mipira ya vakyumu kila kona. Corvette ya kawaida ya mwaka 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 300. Ya mwaka 1975 ilikuwa na 165. Hapa lazima tuwe waangalifu kidogo, kwa sababu mwaka 1972 namna ya kupima ilibadilika: zamani injini ilipimwa ikiwa tupu, baadaye ikapimwa ikiwa na vifaa vyake vyote. Kwa hiyo sehemu ya anguko ni ya karatasini tu. Hata hivyo, dereva aliyekanyaga mafuta aliona tofauti.

Kama gari la michezo lilikuwa hivyo, hebu fikiria gari la familia. Ndiyo sababu watoza magari wenye pesa huruka kipindi hiki. Wanataka ya 1964 hadi 1971, yenye milango miwili na injini ya silinda nane. Yanayobaki ndiyo chakula cha mwenye mfuko mdogo. Nitaje machache:

Plymouth Valiant na ndugu yake Dodge Dart. Silinda sita zimelazwa upande kwa nyuzi 30, na injini hiyo ina sifa ya kukataa kufa. Ilianza na matoleo ya 1960, na magari haya mawili yaliishia 1976.

Ford Maverick. Ilizinduliwa Aprili 1969 kwa bei ya dola 1,995, gari la kushindana na Volkswagen. Ni jepesi na rahisi, na boneti yake inaacha nafasi kubwa ya kuingiza mikono.

Magari ya AMC: Hornet, Gremlin, Concord, Pacer. Kampuni hii ilizaliwa 1954 kwa kuunganisha Nash na Hudson, ikanunuliwa na Chrysler mwaka 1987. Watu wanaogopa gari la kampuni iliyokufa, wanasema spea hazipatikani. Lakini ukoo wa injini yake ya silinda sita uliendelea ndani ya Jeep hadi 2006, kwa hiyo mtu anayeijua injini hiyo hajatupwa jangwani.

Chevrolet Corvair, injini nyuma, ikipozwa kwa hewa. Ralph Nader aliianika kwenye kitabu chake cha 1965 kuhusu usalama wa magari, na jina lake halijapona mpaka leo.

Ukija karibu zaidi na zama zetu kuna Buick LeSabre zenye injini ya V6 ya lita 3.8, na Ford Crown Victoria, lile gari pana la polisi na teksi ambalo uzalishaji wake uliisha 2011. Haya bado watu wengi wanayaona ni gari la babu, si gari la burudani. Dharau hiyo ndiyo punguzo lako la bei.

Ng'ombe hazeeki maini, wahenga walisema. Sura ya gari inaweza kuwa imechoka na bado vitu vya ndani vikawa imara. Kazi ya mwenye burudani hii ni kujua ng'ombe yupi ana maini na yupi amebaki ngozi.

3. Injini inatoa nini, na inafeli kwa nini

Sehemu hii ndiyo moyo wa somo, tusiiharakishe. Kipimo kinatafuta gesi tatu, na kila gesi inasimulia ugonjwa wake.

Ya kwanza ni haidrokaboni, yaani petroli iliyopita bila kuungua. Ukiiona nyingi, jiulize: plagi imechoka? Waya wa plagi unavuja umeme? Injini inamisi? Vali haifungi vizuri? Petroli iliingia, cheche haikufanya kazi yake, petroli ikatoka ilivyo.

Ya pili ni kaboni monoksaidi, gesi inayoua watu kimyakimya wakiwasha injini ndani ya gereji iliyofungwa. Hii inatokea petroli ikizidi hewa. Kabureta imefunguliwa sana, choki imekwama, au kichujio cha hewa kimeziba. Moto unakosa oksijeni ya kutosha, unaishia katikati ya safari.

Ya tatu ni oksaidi za naitrojeni. Hizi zinatokea moto wa ndani ya silinda ukiwa mkali kupita kiasi, hadi naitrojeni ya kwenye hewa, ambayo kwa kawaida imetulia tu, inaungana na oksijeni. Dawa yake ni vali inayorudisha kiasi kidogo cha moshi ndani ya silinda ili kupunguza joto. Vali hiyo ikiziba kwa masizi, au taimingi ikiwa imesogezwa mbele, au rejeta imeziba na injini inachemka, gesi hii inapanda.

Sasa ona mtego. Ukiibana petroli ili kaboni monoksaidi ishuke, moto unakuwa mkali na oksaidi za naitrojeni zinapanda. Ukiibana zaidi, injini inaanza kumisi na haidrokaboni nayo inapanda. Fundi anayekimbizana na namba moja anaharibu nyingine. Inabidi injini nzima iwe na afya kwanza: mgandamizo sawa kwenye silinda zote, vakyumu isiyovuja, plagi nzuri, taimingi sahihi. Ndipo urekebishe kabureta. Wanachuo wenzangu wa ualimu watatambua jambo hili: ni kama mwanafunzi anayefeli hesabu kwa sababu hajui kusoma swali. Ukimwongezea hesabu, hujatibu kitu.

Na kipimo chenyewe hakiishii kwenye bomba. California mpimaji hufungua boneti kwanza, akilinganisha vilivyopo na vile gari lilivyotoka navyo kiwandani. Mpira mmoja wa vakyumu ukikosekana, au chombo cha mkaa kinachonasa mvuke wa tangi kikiwa kimeng'olewa, umefeli hata kama moshi wako ni safi kama hewa ya Usambara. Anajaribu pia kama vifaa vinafanya kazi, na kama kifuniko cha tangi kinabana. Katika maeneo yenye hewa mbaya zaidi, magari ya 1976 hadi 1999 kwa kawaida huwekwa kwenye rola na kuendeshwa palepale kwa maili 15 halafu 25 kwa saa, kama kilomita 24 na 40, ili injini ipimwe ikiwa na mzigo. Maeneo mengine hupima gari likiwa limesimama.

Kuna ushauri mmoja rahisi unaookoa watu wengi: usiende kupima gari likiwa baridi. Masega hayafanyi kazi mpaka yapate joto la nyuzi mia mbili na ushee. Endesha gari nusu saa barabara kuu, fika likiwa moto, usizime injini kwa muda mrefu ukisubiri zamu. Huo si udanganyifu. Ndivyo kifaa kilivyobuniwa.

4. Kuchagua kwa mwaka, si kwa sura

Mtu anayeanza huvutiwa na rangi na taa. Anayejua huanza kusoma mwaka. Kwa California, gawa magari mafungu manne.

Fungu la kwanza ni 1975 na nyuma. Halina kipimo cha mara kwa mara. Ndiyo maana bei yake imepanda, kwani kila mtu anajua siri hii. Lakini usidhani msamaha wa kipimo ni ruhusa ya kung'oa vifaa. Sheria ya nchi bado inakataza kuvichezea. Angalia pia kwamba injini za kabla ya miaka ya 1970 zilizoea risasi kulinda viti vya vali. Siku kichwa cha injini kikifunguliwa, weka viti vigumu.

Fungu la pili ni 1976 hadi 1980. Haya ndiyo ya bei ya chini kabisa, na ndiyo yenye mtego mkubwa. Yana kabureta, yana masega, yana msitu wa mipira ya vakyumu, na hayana kompyuta ya kukwambia kosa liko wapi. Spea za vifaa vya moshi ni ngumu kupata. Nunua gari la fungu hili kwa sharti moja: kila kifaa kiwe bado kipo. Lililonyofolewa, hata kama injini inanguruma vizuri, liache.

Fungu la tatu ni 1981 hadi 1995. Kompyuta imeingia, na masega sasa yanatibu gesi zote tatu, yakisaidiwa na kihisi cha oksijeni kinachoiongoza petroli. Mwanzoni mwa fungu hili kuna kabureta zinazoendeshwa na kompyuta, na hizo ni kichwa maji. Ukisogea mwisho mwa miaka ya 1980 unakuta mfumo wa kunyunyizia petroli, na maisha yanakuwa mepesi.

Fungu la nne ni 1996 kuja mbele. Kila gari jipya la Marekani lilianza kuwa na soketi moja ya aina moja ya kuunganisha mashine ya kusoma makosa. Magari ya 2000 kuja mbele hupimwa kwa kusomwa kompyuta yake zaidi kuliko bomba. Kumbuka tu kwamba ukichomoa betri, kompyuta inasahau majaribio yake yote, na mpimaji atakurudisha nyumbani. Inabidi uendeshe siku kadhaa ili ijikague upya.

Kwa mtu mwenye pesa kidogo na asiye na mwalimu, ningemshauri fungu la nne, au mwisho wa la tatu. Crown Victoria au LeSabre haitamfanya apigwe picha barabarani, lakini itamfundisha breki, saspensheni, umeme na upozaji wa injini bila kumfilisi.

Na haya yote ni ya California. Marekani ni kubwa, kila jimbo na kanuni zake. Texas hupima katika kaunti fulani tu, na gari likifikisha miaka 25 linaachwa. Florida iliacha kupima mwaka 2000, jimbo la Washington likaacha 2020. Michigan, nyumbani kwa viwanda vyenyewe, haina kipimo cha jimbo. Kwa hiyo gari lililo mzigo Sacramento linaweza kuwa raha tupu Detroit. Lakini Detroit kuna chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula bodi na chesesi. Kule California moshi unadaiwa, bati ni zima. Kule Michigan moshi haudaiwi, bati limeisha. Hakuna bwerere.

5. Rahisi ni ghali

Bei ya kununua ni mlango tu. Kabla ya kutoa hela, mnunuzi wa California akumbuke mambo matatu.

Kwanza, gari linalodaiwa kipimo likibadilisha mmiliki, ni wajibu wa muuzaji kutoa cheti cha moshi kisichozidi siku 90. Muuzaji akikwambia, "Litapita tu, wewe lipeleke mwenyewe," jiulize kwa nini yeye hajalipeleka. Maneno hayo mara nyingi maana yake ni kwamba limeshafeli.

Pili, habari ya kubadilisha injini. Inaruhusiwa, lakini injini mpya iwe ya mwaka uleule wa gari au wa karibu zaidi, ije na vifaa vyake vyote vya moshi, na ikaguliwe na mwamuzi maalumu wa serikali. Spea za kuongeza nguvu nazo lazima ziwe na namba ya idhini kutoka bodi ya hewa. Bila namba, hata kiwe kifaa cha thamani gani, unafeli kwa macho tu.

Tatu, kama gari halijawa tayari, usiliache kimya nyuma ya nyumba likakusanya faini. Jimbo linakuruhusu kuliandikisha kuwa halitembei, kwa ada ndogo. Unalitengeneza kwa nafasi yako, siku likiwa tayari unalirudisha barabarani.

6. Ni nani anayelipa?

Tumefika penye ugumu, na sitaki tupapite kijuujuu.

Mwaka 2009, wakati wa mdororo wa uchumi, serikali ya Marekani ilitoa dola 3,500 au 4,500 kwa kila mtu aliyesalimisha gari kuukuu linalokula mafuta akanunua jipya. Mpango ule ulitumia karibu dola bilioni 3, na magari zaidi ya 670,000 yakasalimishwa. Injini zao zilimwagiwa kimiminika cha silikati ya sodiamu na kuungurumishwa mpaka zikaganda, zisitumike tena kamwe. Nyingi zilikuwa zinatembea vizuri. Kwa mwenye uwezo wa kukopa gari jipya ilikuwa neema. Kwa anayenunua mtumba wa mwisho kabisa, ile mitumba ndiyo iliyokuwa ngazi yake, na ngazi ikakatwa.

Mwaka 2025 likaja pendekezo California, likipigiwa debe na mchekeshaji Jay Leno, mtu mwenye gereji iliyojaa magari. Lilitaka magari ya miaka 35 na zaidi yasamehewe kipimo, mradi yawe na bima ya magari ya watoza. Lilipita Seneti, likakwama kwenye kamati ya fedha ya Bunge la chini mwezi Agosti. Wapenda magari wengi walisikitika. Mimi niliposoma lile sharti la bima nilisita. Bima ya aina hiyo kwa kawaida inataka uwe na gari jingine la kila siku, na hili ulitoe mara chache tu. Sasa kijana mwenye Dodge Aspen moja tu, anayekwenda nayo kazini na chuoni, angesamehewaje? Msamaha ungemwendea mwenye magari kumi, yeye angebaki kwenye foleni ya kipimo.

Je, basi wote wasamehewe? Hapo ndipo ninapokataa. Gari jipya la leo ni safi kwa asilimia 98 au 99 kuliko la miaka ya 1960 kwa gesi nyingi za bomba. Maana yake mkweche mmoja mbovu unaweza kuchafua kama msururu mzima wa magari mapya. Na hewa hiyo haivutwi na mwenye gari peke yake. Kule Los Angeles wanaokaa ubavuni mwa barabara kuu na karibu na bandari wengi wao ni watu wa kipato cha chini. Ukisema, "Tumwachie maskini gari lake," kumbuka mtoto wa maskini mwenzake mwenye pumu ndiye anayekaa nyuma ya lile bomba. Hakuna haki inayopatikana kwa kumhamishia mzigo jirani.

Ninachokiona cha haki ni cha tatu: kipimo kibaki, lakini mwenye kipato kidogo asaidiwe kufaulu. California yenyewe ina mpango wa kuchangia matengenezo ya gari lililofeli kwa wenye kipato cha chini. Huko ndiko pa kuongeza nguvu. Kurekebisha injini moja iliyofeli kunasafisha hewa, kunamwachia mtu gari lake, na kunampa fundi kazi. Kuiua injini kunafanya jambo moja tu kati ya hayo.

7. Linatuhusu nini?

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Tanzania huliongezea ushuru gari kadiri linavyokuwa kuukuu. Usukani wa gari la Kimarekani uko kushoto. Kwa hiyo sitegemei kuiona Maverick ikipanda mlima wa chuo wiki ijayo. Lakini gereji zetu kila mtu ameshausikia ushauri ule: "Toa masega, gari ivute." Wanaoutoa si watu wabaya. Wanatibu gari la mteja kwa njia anayoweza kuilipia. Sasa walau unajua kilichotolewa ni nini, kilikuwa kinafanya kazi gani, na kwamba mara nyingi masega yaliyoziba ni dalili tu: injini ilikuwa inamisi au inakula oili muda mrefu, na ukiyatoa, ugonjwa wenyewe umebaki palepale.

Kwa sisi tunaojiandaa kuingia darasani, mkweche ni chombo cha kufundishia chenye kemia, fizikia, historia na uraia ndani yake. Mwanafunzi anayejua kwa nini moto ukizidi ukali hutoa gesi mbaya, ameielewa mada ya mwako kuliko aliyekariri mlinganyo. Na akijiuliza nani anavuta moshi wa nani, ameanza kuwa raia.

Maswali ya kujadiliana

1. Eleza kwa nini kupunguza petroli ili kushusha kaboni monoksaidi kunaweza kupandisha gesi nyingine mbili.

2. Gari limefeli kwa haidrokaboni pekee. Taja sehemu nne utakazokagua kabla ya kugusa kabureta, na ueleze kwa nini umezipanga hivyo.

3. Sheria iliyosamehe toleo la 1975 na kudai la 1976 ilichora mstari penye magari yanayofanana. Je, kuna namna ya kuchora mstari ambayo haimwonei yeyote? Jenga hoja.

4. Serikali ikiwa na fedha za kutosha jambo moja tu, iwalipe watu wasalimishe magari makuukuu au iwasaidie kuyatengeneza? Jibu ukizingatia mwenye gari, fundi, na jirani anayevuta hewa.